Poti Ndani ya Vani Haihesabiki "Selfu": Mjomba Ajibu Barua za Wasafiri

Shikamoo Mjomba. Mi na mume wangu tunakaa Phoenix. Yeye ni dereva wa lori, na ndo aliyenitia hamu ya Quartzsite, kale kamji ka jangwani Arizona, maana kila akipita barabara kuu ya I-10 kwenda California msimu wa baridi anakuta jangwa zima limejaa kampa, yale magari ya kulala, utadhani kuna mnada. Basi tukanunua vani ya zamani, tukaweka kitanda, jiko la gesi la mtungi mdogo, na poti, yaani choo cha kubebeka, ile ya plastiki yenye sehemu mbili, ya chini inashika lita 20. Tukalipa kibali cha wiki mbili, tukaenda kupaki mbali kabisa na watu ili tupate utulivu. Jioni akaja jirani, mzee wa Kizungu na kimbwa chake, mzuri tu, tukapiga stori, mume wangu akamwonyesha vani kwa mbwembwe zote mpaka choo. Mzee akacheka akasema hapa mlipo hamruhusiwi kulala, gari lenu siyo self-contained, sogeeni kule karibu na vyoo vya umma. Tukahama usiku ule ule kwa aibu. Mjomba, choo si kipo ndani? Walitaka nini zaidi, bafu la marumaru?
*Mama Watatu, Phoenix*

Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuhama usiku na tochi, najua ile kazi.

Hapo mmeangushwa na neno. Sisi tukisema chumba selfu kila mtu anaelewa, choo na bafu viko humo humo, hupangi foleni uani na jirani aliyeshika ndoo. Ukiwa na choo ndani, selfu, stori imeisha. Sasa kule jangwani wala hawaulizi kama una pa kukaa, wanauliza unachokiacha pale kinaenda wapi na kinakaa ndani ya nini. Ni swali la tangi.

Maeneo mliyokwenda yanasimamiwa na BLM, ile idara ya ardhi ya serikali kuu, na yanaitwa kwa kifupi LTVA, ni maeneo ya watu wa kukaa muda mrefu. Mpango ulianza 1983 baada ya kuona wastaafu wanaokimbia theluji ya kaskazini wanazidi kujazana jangwani kila mwaka. Msimu wake ni kuanzia 15 Septemba mpaka 15 Aprili, na kwa miaka mingi kibali cha msimu mzima kimekuwa dola 180, cha siku 14 mfululizo dola 40 (bei ziangalie tena kabla ya kujaza mafuta, hizi ni bei za serikali zinaweza kupanda wakati wowote). Kwa dola 180 kukaa miezi saba mi naona ni bure kabisa, Phoenix hiyo hela hupati hata wiki ya chumba.

Ila kuna sharti. Gari linalohesabika selfu ni lile lenye tangi la maji machafu lililofungwa moja kwa moja kwenye gari, lisilopungua galoni 10, yaani kama lita 38. Na sheria imeandika wazi kabisa kwamba poti ya kubebeka haihesabiki, tangi la kutoa na kurudisha halihesabiki, na tangi lililofungwa lakini liko chini ya galoni 10 nalo halihesabiki. Kwa hiyo hata ungekuwa na ile kampa nzuri ya choo cha kaseti, kiti kimejengewa ukutani, kwa nje kuna kamlango unavuta kaseti, yaani boksi la uchafu, kama droo, bado wangekwambia hapana maana kaseti inatoka. Watu wengi wanalia hapo, wamelipa hela nyingi.

Utasema huu ni ukoloni wa matangi, ila hebu fikiria. Lita 20 kwa watu wawili, ukijumlisha na maji ya kuflashi, inajaa siku ya tatu au ya nne. Kituo cha kumwagia kiko mbali, baridi ya asubuhi ya jangwani inauma, boksi ni zito na lina kishikio kizuri kabisa. Wewe utalibeba mpaka kituoni, sawa, nakuamini. Je yule wa nyuma ya kichaka? Tangi lililofungwa chini ya gari huwezi kulibeba usiku, lazima uwashe gari uende kwenye bomba, na ukilifungulia palepale majirani wote wataona na kunusa. Mi hiyo sheria naiona ngumu kwa watu wa vani lakini siioni ya kijinga.

Sasa nyie mfanye nini. La Posa, LTVA ya pale kusini tu mwa mji wa Quartzsite, magari yasiyo selfu na hata mahema yanaruhusiwa ila ndani ya futi 500 za choo cha umma, kama mita 150. Imperial Dam karibu na Yuma kuna upande wa South Mesa nao wanaruhusu. Mule Mountain upande wa California ukitaka bila tangi unaenda kwenye kambi zake mbili zenye vyoo, Wiley's Well au Coon Hollow. Kwa hiyo yule mzee alikuwa sahihi, na futi 500 siyo adhabu, ukienda mapema msimu ukachagua kona yenye upepo unaoelekea kule siyo huku hutajua hata kama choo kipo.

Njia nyingine ni maeneo ya bure ya siku 14 pembeni ya mji, kama Plomosa Road na Dome Rock. Lile sharti la galoni 10 ni la LTVA, huko bure mnaweza kwenda na poti yenu, ila hakuna choo, hakuna maji, hakuna pipa la taka, kila kitu mnakuja nacho mnaondoka nacho. Kumwaga choo chini ni kosa hapa na pale, hilo halina mjadala.

Au mume afunge tangi la galoni 10 kwenye vani. Inawezekana, lakini linataka bomba la kutolea hewa linalopanda mpaka juu ya paa na vali nzuri chini, siyo kazi ya kufanya Jumamosi na silikoni ya dukani. Mi ningeuza vani ninunue katirela kadogo kenye choo tayari.

Mjomba mambo vipi, swali la haraka, poti ya kubebeka ikijaa si naweza kumwaga tu kwenye vile vyoo vya shimo vya kambini? Si ni choo kwa choo?
*Dereva, Tucson*

Hapana kaka, usifanye. Vile vyoo siyo shimo la kijijini linalonyonywa na udongo, chini kuna tangi la zege limezibwa pande zote na likijaa linaitiwa gari la kunyonya. Limepimwa kwa mtu anayeingia, anamaliza, anatoka. Ukimimina lita 20 zenye dawa ya buluu unakula nafasi ya watu wengi kwa mara moja, halafu unamwaga pembeni ya kiti, nani asafishe. Na wale wanaotupa humo nepi na chupa ndo wabaya kuliko wote maana mpira wa gari la kunyonya unaziba, kuna binadamu anaingiza ndoano kuzichomoa.

Peleka kituo cha kumwagia. La Posa kipo, na vituo vingi vya mafuta vya malori na kambi za kulipia pia wanavyo kwa dola chache. Vaa glavu. Geuza kile kishingo cha kumiminia kitazame nje, bonyeza kale kakitufe ka hewa wakati unamimina ili isitoke kwa kwikwi ikakurukia, kisha suuza mara mbili kwa bomba lililoandikwa kwamba siyo la kunywa. Tafadhali usichanganye mabomba, nimeshamuona mtu anajaza ndoo ya chai kwenye bomba la kusuuzia kaseti nikapiga kelele kama kuna moto. Dawa nunua isiyo na formalini, ile ya formalini inaua bakteria wanaofanya kazi kwenye mashimo ya maji taka na kambi zenye septiki hawaitaki.

Na ngoja nikuibie siri ya aibu yangu. Mwaka wa kwanza nilifunga poti vizuri kabisa Phoenix, mita kama 330 toka usawa wa bahari, nikapanda nayo Flagstaff ambako ni zaidi ya mita 2,100. Usiku nikavuta ule mkono wa vali kwa nguvu, nusu usingizi. Hewa iliyofungiwa bondeni ikiwa mlimani inatafuta pa kutokea, na ilipata. Sitaelezea zaidi, nilifua pazia. Kwa hiyo ukipanda mlima fungua vali polepole mfuniko ukiwa umefungwa, usikie inapumua kwanza.

Mjomba nakuandikia toka Auckland, nasoma huku. Mi na wenzangu tumepata vani ya bei poa, muuzaji anasema ni self-contained ina stika ya bluu, choo ni poti ipo kwenye kabati. Tuchukue?
*Mwanafunzi, New Zealand*

Msimpe hela bado mwanangu, kwanza muulize stika hiyo inaisha lini na kama amekwisha kupata cheti kipya cha kijani.

Huko kwenu ni nchi nyingine na hesabu nyingine. Zamani poti ya kubebeka ilitosha kupata stika ya bluu, ikawa vani za kila aina zina poti ya pambo, bado imefungwa nailoni yake ya dukani, na watu wanaenda vichakani. Wenyeji wakachoka. Ikaja sheria ya 2023, sasa hivi choo lazima kiwe kimefungwa kwenye gari, na lazima kitumike hata kitanda kikiwa kimetandikwa. Hilo la kitanda ndo linaua vani ndogo nyingi, pima kabisa, kaa juu yake, goti lisigonge jiko. Maji safi ni lita 4 kwa mtu kwa siku, siku tatu, kwa hiyo vani ya watu wawili inataka lita 24, na tangi la maji ya vyombo ukubwa huo huo, choo lita 1 kwa mtu kwa siku, na sinki, na pipa lenye mfuniko. Fundi anakagua, unapewa cheti cha kijani cha miaka minne, kimeandikwa idadi ya watu.

Bluu kwa magari ya watu binafsi mwisho wake umewekwa 7 Juni 2026. Baada ya hapo poti ya kabatini haikusaidii kulala kwenye ardhi ya halmashauri, na faini inaanzia kwenye dola 400 za kule. Kwenye kambi za kulipia zenye vyoo hawakuulizi stika, hivyo kama mpango wenu ni kambi za kulipia na bei ni poa kweli, chukueni. Kama mnataka kulala bure ufukweni, mwambieni muuzaji atoe kwenye bei ya vani gharama ya kufunga choo.

Na oneni maajabu, huko kaseti inakubalika ilimradi kiti chake kimefungwa kwenye gari. Mama Watatu akihamia Auckland na kampa ya kaseti anakuwa selfu, akirudi Arizona na gari lile lile siyo selfu.

Mjomba hawa wazungu wanahangaika na nini, si wachimbe tu shimo wafukie? Tumekua hivyo porini.
*Mzee wa Dodoma, siku hizi Dallas*

Shikamoo mzee wangu. Kufukia kunaruhusiwa sehemu nyingi kwa mtu anayetembea kwa miguu, shimo la sentimita 15 mpaka 20, mita 60 toka kwenye maji, njia na kambi, na karatasi unarudi nayo kwenye mfuko. Ila huyo ni mtu mmoja anapita kesho hayupo. Weka maelfu ya watu sehemu moja miezi saba kwenye udongo mkavu usio na wadudu wengi wa kuozesha, halafu mvua moja kubwa ya jangwani ipite. Wewe wa Dodoma unajua korongo kavu likishuka maji linabeba nini. Mlima Whitney kule California kufukia ndo hawataki kabisa, unabeba vyako kwenye mifuko yenye unga unaogandisha, unashuka navyo mgongoni.

Mjomba tulipokuwa Quartzsite watoto waliona piramidi dogo la mawe lina ngamia juu, makaburini. Nani huyo?
*Mama Watatu tena*

Wewe leo umenikamata. Ni Haji Ali, mchunga ngamia aliyeletwa Marekani 1856 pamoja na ngamia wa jeshi, jeshi lilitaka kuwajaribu kubebea mizigo jangwani. Jina likawashinda kutamka, wakamwita Hi Jolly, na hivyo ndo imeandikwa pale. Alifia Quartzsite 1902, piramidi wakamjengea 1935. Ukirudi msimu ujao peleka watoto asubuhi kabla jua halijawa kali, na ukitoka hapo jaza maji mjini kabisa ndo muingie La Posa, futi 500, upande wa upepo.