Uliza Mtaalamu wa Lishe: Je, egnogi ya dukani ni maziwa na mayai tu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na ninaishi Columbus, Ohio, pamoja na mume wangu na mtoto wetu wa miaka minne. Kila Krismasi inapokaribia, maduka ya huku hujaza majokofu kinywaji kiitwacho egnogi, maziwa mazito ya rangi ya njano yenye mayai, sukari na harufu ya kungumanga. Mume wangu, ambaye ana kisukari cha aina ya pili, alikionja kazini na sasa hununua boksi kila wiki, akisema kwamba ni maziwa na mayai tu, kwa hiyo kitamjenga mwili. Nimesoma maandishi ya ubavuni: kalori 180, mafuta gramu 9, ambayo gramu 5 kati yake ni mafuta mazito ya aina ya siagi, sukari gramu 20, ambazo 14 kati yake zimeongezwa kiwandani, na protini gramu 4. Kwa macho yangu si takwimu za kutisha. Je, nimwache aendelee kunywa, na mtoto naye nimpe? — Mama wa mtoto mmoja, Columbus.

JIBU: Marahaba, dada yangu. Umefanya vyema kusoma boksi kabla ya kuuliza, lakini upo mstari mmoja ambao hukuunakili, nao ndio unaozipa takwimu zote hizo maana yake. Juu kabisa ya jedwali hilo utakuta pameandikwa kipimo cha mnywaji mmoja, ambacho kwa egnogi ni nusu kikombe, yaani mililita 120. Kipimo hicho hakikubuniwa na mwenye kiwanda. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ndiyo inayokipanga, na mamlaka hiyo hiyo imeyapangia maziwa ya kawaida kikombe kizima cha mililita 240. Kwa hiyo mtu anayesimama dukani na maboksi mawili mkononi, la maziwa na la egnogi, akizilinganisha kalori zake, huwa analinganisha kikombe kizima na nusu bila kujua.

Nakuomba leo uchukue kikombe anachokitumia mume wako, ukijaze maji kama anavyokijaza egnogi, kisha uyamimine maji hayo kwenye kikombe cha kupimia. Vikombe vingi vya kahawa vya huko huingia mililita 350 hivi. Tuseme chake kinaingia 360: hapo amekunywa vipimo vitatu, si kimoja, na hesabu yake ni kalori 540, mafuta gramu 27 na sukari gramu 60. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni gramu 4, hivyo chota vijiko kumi na tano, vimwage kwenye sahani nyeupe na uiweke mezani mbele yake. Najua kwamba asilimia 70 tu ya kilima hicho, yaani vijiko kumi na nusu, ndiyo sukari iliyoongezwa, na iliyobaki ni laktosi, sukari ya asili ya maziwa. Hata hivyo, kwa mgonjwa wa kisukari zote huhesabiwa, kwa sababu zote huishia kwenye damu. Kwa sukari ya kuongezwa peke yake, Chama cha Moyo cha Marekani kinamshauri mwanamume asipite gramu 36 kwa siku nzima, na kikombe hicho kimoja kina gramu 42.

Sasa nije kwenye hoja ya maziwa na mayai, kwa maana hapo ndipo mumeo anapojidanganya, ingawa ana nia njema. Sheria ya Marekani inataka kinywaji kinachoitwa egnogi kiwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 6, wakati maziwa yasiyopunguzwa mafuta huwa na asilimia 3.25 au zaidi kidogo. Kuhusu yai, sheria inataka sehemu kavu ya kiini isiyopungua asilimia 1 ya uzito wote. Kwa kuwa karibu nusu ya kiini ni maji, kiwango hicho cha chini katika nusu kikombe ni kama gramu mbili na nusu za kiini kibichi, ambazo hazifiki hata robo ya kiini cha yai moja. Wapo watengenezaji wanaozidisha, lakini hawalazimiki. Utaona basi kwa nini protini ni gramu 4 tu, sawasawa na ile ya nusu kikombe cha maziwa ya kawaida, ambayo yana kalori kama 75. Zile kalori zaidi ya mia moja za nyongeza zimetoka kwenye krimu na sukari. Kalsiamu ni nzuri, sikatai, lakini maziwa matupu yanampa karibu kiasi hicho hicho.

Jambo jingine la kuangalia ni kwamba mafuta mengi huchelewesha chakula kutoka tumboni, kwa hiyo sukari ya damu inaweza kupanda polepole na kukaa juu kwa muda mrefu. Akijipima mapema na kuona namba nzuri, asiharakishe kujipongeza. Aijadili hesabu hii na daktari wake, hasa ikiwa anatumia insulini.

Simtaki aache kabisa kitu anachokipenda. Apime nusu kikombe, aongeze nusu kikombe cha maziwa yenye mafuta kidogo, akune kungumanga juu yake. Atapata kikombe kizima chenye kalori kama 230 na sukari gramu 26, badala ya 360 na 40, na ladha bado ipo. Siku hiyo keki ingoje. Asidanganywe pia na boksi lililoandikwa kuwa limepunguzwa mafuta, kwani maneno hayo hayasemi lolote juu ya sukari. Kuhusu mtoto, nusu kikombe siku ya sikukuu hakina neno, lakini kisichukue nafasi ya maziwa yake ya kila siku.

SWALI: Nina mimba ya miezi mitano. Je, mayai yaliyomo kwenye egnogi ni mabichi? — Msomaji, Mombasa.

JIBU: Ile ya viwandani inayouzwa Marekani lazima ipashwe moto wa kuua vijidudu, kwa hiyo hofu ya salmonela si kubwa, mradi boksi limekaa kwenye baridi na halikuachwa mezani zaidi ya saa mbili. Ya kutengeneza nyumbani kwa mayai mabichi usiinywe. Changanya mayai na maziwa, uyapashe kwa moto mdogo huku ukikoroga hadi nyuzijoto 71, na kama huna kipimajoto, mwiko ukitoka umepakwa utando mzito usiochuruzika, ujue umekaribia. Baada ya hapo ipoze upesi na uiweke kwenye friji. Vileo ambavyo watu huongeza humo, kwa hali yako, visiguswe kabisa, hata tone moja.