Kichwa cha treni kisichotoa moshi: anza na utambi

Wadogo zangu mnaoanza ufundi wa elektroniki, kuna kazi nataka niwaeleze kwa sababu ilinibidi niifanye mara mbili.

Mteja aliniletea hapa Mwanjelwa kichwa cha treni cha mfano, kinachotumia umeme lakini kimeigwa kile cha mvuke, alichotumiwa na nduguye kutoka Marekani. Kinakimbia vizuri, taa inawaka, ila bomba halitoi moshi. Mbeya tumezoea vichwa vya dizeli vya TAZARA, kwa hiyo mwanawe alikuwa akiusubiri ule moshi kuliko kitu kingine chochote.

Ndani yake kuna kikopo chenye rezista, yaani kipande kinachozuia umeme na kupata joto, na utambi wa nyuzi za kioo. Utambi unanyonya mafuta maalumu, rezista inayapasha hadi yawe moshi, feni ndogo inausukuma nje. Vingine vina pistoni badala ya feni.

Nilipima rezista kwa mita: imekatika. Nikaweka nyingine ya omu 27 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) kama ile ya mwanzo, moshi ukatoka, nikapokea hela yangu. Haikupita wiki, mteja huyo amerudi. Rezista imekatika tena.

Safari hii niliuvuta utambi kwa kibanio. Upande uliogusa rezista ulikuwa mweusi, mgumu kama ukoko wa wali, unamegeka vipande. Utambi ulioungua haunyonyi, rezista inabaki kavu, joto halina pa kwenda, inajiunguza. Mimi nilikuwa nimetibu homa nikaacha malaria.

Kwa hiyo badilisha vyote viwili. Utambi uiguse rezista bila kuziba njia ya hewa. Rezista iwe ya waya, yenye kuhimili joto: kwenye volti 12, omu 27 zinakula kama wati 5, na ile ya robo wati ya kwenye redio haitamaliza hata dakika. Feni izungushe kwa kidole. Ikiwa nzito, safisha. Dondoshea mafuta kabla ya kuwasha umeme, matone machache tu, maana kikifurika napo hakitoi moshi. Mafuta ya taa usithubutu, yatashika moto. Ya kupikia yanaganda na kuwa gundi.

Ukikabidhi, mwonyeshe mteja swichi ya kuzimia moshi, aizime mafuta yakiisha. Wangu hakujua kama ipo; mtoto alikuwa akikiendesha kikavu kila jioni.