Pawa saplai ya wati 500 kwa Dell ya zamani?

SWALI: Mambo, nina kompyuta ya Dell OptiPlex 3020 ile ya mnara, nataka kuweka kadi ya picha (graphics) ya GTX 1050 Ti, fundi kaniambia pawa saplai yangu ya wati 290 ndogo, ninunue ya 500, na dukani nimeiona bei rahisi kweli. Ninunue? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Usinunue kwanza ndugu yangu. Hiyo kadi inakula wati 75 hivi, na zile zisizo na waya wa ziada zinachukua umeme wote kwenye madabodi (ule ubao mkuu wa kompyuta), kwahiyo 290 yako inatosha, Nvidia wenye kadi hiyo wanashauri 300 ila hapo wameacha nafasi kubwa. Halafu madabodi ya 3020 ina plagi ya pini 8, siyo zile 24 za kawaida, hiyo mpya bila adapta haichomeki. Na hizo za bei chee soma kibandiko, angalia volti 12 ina ampea ngapi maana ndo inayolisha prosesa na kadi, zikiwa 18 piga mara 12 unapata wati 216 tu, hata kama boksi limeandikwa 500 kubwa kubwa. Yako ikishakufa, tafuta ya Dell hiyohiyo iliyotolewa mashine nyingine, ipimwe ukiwa hapohapo.