Maswali yenu kuhusu ile nyota ndogo ya machungwa kwa Msalaba wa Kusini

Juzi niliandika kuhusu Msalaba wa Kusini, lile kundi la nyota nne zilizopangwa kama msalaba upande wa kusini, na nikasema kwa sentensi moja tu kwamba una nyota ya tano, ndogo, rangi ya machungwa, inaitwa Ginan. Hiyo sentensi moja imeleta maswali kushinda makala yote. Nimefurahi sana manake hiyo nyota naipenda, so leo tunaongea juu yake tu.

Mwalimu, jana saa tatu usiku niliona nyota ya machungwa upande wa Namanga, juu kabisa ya huo msalaba. Ndiyo Ginan ama ni Mirihi? (Kitengela)

Si hiyo na si hiyo. Mirihi haiwezi kufika pale, sayari zote zinapita karibu na ile njia ya jua na mwezi, na hapa kwetu hiyo njia iko karibu na utosi, mbali sana na Msalaba. Yenye uliona ni Gacrux, ile ya kichwa cha msalaba, nayo kama Ginan ni nyota iliyovimba, zile zinaitwa majitu, tena ni nyekundu zaidi, ila iko karibu, miaka ya nuru kama 88 hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja), ndiyo maana inaonekana bila shida. Ginan iko kama miaka ya nuru 230. Msalaba ukiwa umesimama wima, angalia chini upande wa kulia, katikati ya ile nyota ya mguu (Acrux) na ile ya mkono wa kulia (Imai), imeingia ndani kidogo. Kama uliiona bila kuitafuta basi haikuwa yenyewe.

Niko Umoja ghorofa ya tano, nimeangalia wiki nzima naona nyota nne tu. Shida ni macho yangu? (Umoja)

Macho yako ni mazima dada, shida ni mataa. Ginan iko magnitudo 3.6, hicho ni kipimo cha mng'ao wa nyota, na kwa hiyo hesabu namba ikipanda mwanga unashuka, Acrux iko 0.8 kumaanisha inang'aa zaidi ya mara 10 kushinda Ginan. Mwanga wa mjini unapaka anga rangi ya kijivu na nyota ndogo ndizo zinamezwa kwanza. Tena Msalaba kwetu haupandi juu, hata ukifika kilele chake Ginan iko nyuzi kama 31 tu kutoka upeo wa macho, so unaiangalia kupitia vumbi na moshi mwingi kuliko nyota ya utosini. Jaribu hivi: panda rufu kama mwenye nyumba anakubali, zima simu kabisa, kaa gizani dakika 20 mpaka 30 ndio macho yazoee, halafu usiikodolee moja kwa moja, angalia kando yake kidogo, kona ya jicho inashika mwanga hafifu vizuri kuliko katikati. Ukienda Magadi ama Kajiado ndani ndani hutahitaji hizi mbinu zote.

Mimi nimeiona lakini naona nyeupe tu, hiyo machungwa mnaitoa wapi? (Rongai)

Swali zuri sana hili. Sehemu ya jicho inayoona rangi inataka mwanga wa kutosha, nyota ikiwa hafifu unatumia ile sehemu ingine ambayo inaona giza na mwanga tu, haijui rangi. Azima binokula, hata zile za wageni wa kuangalia wanyama, rangi inajitokeza. Na ukiwa na kamera, haribu fokasi makusudi, nyota inakuwa duara ndogo badala ya nukta na hapo utaona Ginan na Gacrux zimepiga machungwa na zile zingine tatu ni samawati.

Rangi yenyewe ni joto. Umewahi kuona fundi wa jua kali akichoma chuma, kinaanza chekundu, kinakuja machungwa, kikizidi kinaenda weupe. Uso wa Ginan ni kama nyuzi 3,900 za Selsiasi na Jua letu ni 5,500, so ni baridi kushinda Jua.

Ikiwa ni baridi mbona inaitwa jitu? Na italipuka? (Juja)

Ni jitu kwa upana. Ile haidrojeni ya katikati kabisa, ambayo ndiyo kuni za nyota, ilikwisha, kiini kikajibana kikapata moto zaidi, tabaka za nje zikasukumwa zikavimba, na kitu kikitanuka hivyo uso wake unapoa. Sasa hivi ni pana kama Jua mara 30, na hata kama uso umepoa, huo ukubwa unaifanya itoe mwanga wa Majua mamia. Kulipuka, hapana, haina uzito wa kutosha. Itamwaga hizo tabaka polepole ibaki kiini kidogo cheupe. Za kulipuka hapo ni Acrux na Mimosa (ile ya mkono wa kushoto), lakini si leo wala kesho, wajukuu wa wajukuu wetu wako salama.

Ginan ni jina la wapi? Na sisi Waafrika hatukuwa tunaangalia juu? (Kawangware)

Hili nimelisoma mara tatu. Ginan ni jina la Wawardaman, wenyeji asili wa kaskazini mwa Australia, kwao hiyo nyota ni mfuko mwekundu umejaa nyimbo za maarifa. Mimi huwa nafikiria kiondo, umebeba nyimbo badala ya viazi. Chama cha kimataifa cha wanaastronomia kililipitisha rasmi 2017.

Lakini sasa skia hii. Jirani yake, ile ya mkono wa kulia, Imai, ni jina la Wamursi wa Ethiopia, lilipitishwa 2018. Wamursi wanaishi karibu na mto Omo, na hiyo nyota ikiacha kuonekana jioni, mwisho wa Agosti hivi, wanajua mto umejaa kiasi cha kulaza nyasi za ukingoni zinazoitwa imai, halafu maji yanaanza kushuka. Na Omo unaingia wapi? Turkana, ziwa letu, sehemu kubwa ya maji yake inatoka huko. Hivyo basi sisi tuliangalia juu, tena kwa makini, hata pwani wana Kilimia, kile kikundi cha nyota zilizosongamana, jina limetoka kwa kulima. Chenye kimekosekana ni kuuliza na kuandika. Kama nyanya yako ana jina la Msalaba ama la nyota yoyote, kwa lugha yoyote, muulize wikendi hii na unitumie, nitayachapisha yote.

Mbona Msalaba kwa bendera ya Australia uko na nyota tano na wa New Zealand nne? (South B)

Australia waliweka Ginan, ndiyo ile ndogo yenye ncha tano wakati zingine za Msalaba zina saba. New Zealand waliiacha. Papua New Guinea na Samoa wanayo.

Mawingu ya Mei yamenimaliza, nitaiona lini? (Ngong)

Mei mpaka Juni ndio wakati rahisi, saa tatu usiku iko wima kusini, lakini ni kweli mvua na baadaye ile baridi ya Julai zinaharibu. Septemba mpaka Novemba usijisumbue, Jua liko upande huo. Mimi napenda Februari, anga ni safi, ila unaamka saa tisa usiku. Na ukiwa hapo nyoosha ule mstari mrefu wa Msalaba kwenda chini mara nne na nusu, utafika karibu na ardhi kabisa, hiyo ndiyo ncha ya kusini ya anga, kwetu Nairobi iko nyuzi moja tu na kitu juu ya upeo, pale pale barabara ya Namanga inakoelekea. Beba sweta.