Mfarishi wa nguo za marehemu baba

Pole na msiba, dada. Umeuliza kama mashati na suruali za jinzi za baba zinaweza kushonwa mfarishi, yaani blanketi la viraka, kwa mkono, bila cherehani. Zinaweza kabisa, na wenzako wameshafanya. Kule Gee's Bend, kijiji cha Alabama, Marekani, mama mmoja, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe, na mwaka 1942 akaunganisha nguo zake za kazi kuwa mfarishi wa kujifunika.

Usihangaike na mitindo ya maua na nyota. Chagua mtindo wa wanawake wa huko wanaouita "paa la nyumba": kipande cha mraba katikati, halafu vibanzi vya kitambaa kukizunguka, upande baada ya upande, mpaka ufike ukubwa unaotaka. Vikipinda kidogo, acha. Hapo ndipo uzuri wake ulipo.

Fua nguo zote kwanza. Magoti yaliyochujuka yaweke mahali yatakapoonekana, ila yakiwa yamelegea yatie kitambaa kingine chini. Tatizo litakuwa jinzi: mishono minene inavunja sindano, kwa hiyo ikate uitupe, na uvae subana ya kukinga kidole. Shati jembamba likiungana na jinzi huvutwa likachanika, basi nalo litie kitambaa chini.

Kati ya uso wa viraka na kitambaa cha chini, weka blanketi kuukuu badala ya pamba, halihamihami. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, tabaka zote tatu kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha ndiyo ushone mishono midogo ya kudumu. Mfuko mmoja wa shati, mimi ningeuacha mzima.