Maswali ya Jikoni: Giligilani Imeoza Kabla ya Kutumika

Swali: Nanunua mafungu mawili ya giligilani ya wiki nzima. Nikifika nyumbani naiosha, naifunga kwenye mfuko, naiweka kwenye friji. Siku ya tatu majani ni meusi na yanateleza. Hata ikiwa mbichi kabisa, nikiungia samaki wetu wa migebuka harufu yake siisikii. Nakosea wapi?
— Mama wa watoto watatu, Ujiji

Jibu: Dada, kosa la kwanza ni kuiosha mapema. Maji yanabaki katikati ya majani, mfuko umekazwa, hayana pa kutokea. Hapo ndipo uozo unapoanzia. Ukifika tu nyumbani fungua kamba ya fungu, maana palipobanwa ndipo panapooza kwanza. Toa kila jani la njano au lililopondeka. Kata ncha za mabua kama sentimita 1, kisha simamisha fungu kwenye glasi yenye maji ya vidole viwili, majani yasiguse maji. Lifunike juu bila kukaza, weka kwenye friji, badilisha maji kila baada ya siku mbili. Linafika wiki nzima. Lisikae karibu na ndizi mbivu wala maembe: matunda yakiiva hutoa gesi inayoyafanya majani yageuke njano upesi.

Asiye na friji aiweke glasi hiyohiyo kivulini karibu na mtungi, juu kitambaa chenye unyevu, atumie ndani ya siku mbili. Osha ile unayoipika saa hiyo tu.

Sasa harufu. Mafuta yanayoipa giligilani harufu hupaa haraka kwenye joto. Ukiitia pamoja na nyanya, mpaka migebuka iive umebaki na rangi tupu. Yatangulize mabua, ambayo wengi huyatupa, na inatuuma kweli, kwa sababu yamejaa ladha. Twanga mabua ya nusu fungu na punje 3 za kitunguu saumu, ukaange kwenye mawese pamoja na kitunguu maji. Majani yakate kwa kisu kikali. Kisu butu huyaponda yakawa meusi. Vijiko vikubwa 2 kwa kilo ya samaki vinatosha. Yatie sufuria ikishaepuliwa, funika dakika 2, pakua.

Swali: Nimeuziwa pasili nikidhani ni giligilani. Niitumieje?
— Msomaji, Mwanga

Jibu: Ni mimea ya ukoo mmoja, ndiyo maana inachanganya. Jani la pasili ni kijani kilichokolea na ncha zake zimechongoka. La giligilani ni laini, ncha za mviringo. Siku nyingine fikicha jani moja unuse kabla ya kulipa. Kwenye kachumbari pasili haitakupa ladha uliyoizoea, lakini kwenye supu ya samaki au viazi vya kuchemsha inapendeza sana. Inavumilia moto kuliko giligilani, hivyo itie dakika 5 kabla ya kuepua. Mabua yake magumu yafunge kwa uzi, yachemke ndani ya supu, kisha yatoe. Ikibaki, ikatekate, jaza kwenye trei ya barafu na maji kidogo, igandishe. Hiyo ni ya kupikia tu, kwa kuwa ikiyeyuka hulegea.