Maswali na majibu: kununua huduma ya upelelezi wa setilaiti

Maswali haya yametoka kwa wasomaji wanaofanya kazi katika ununuzi na usalama wa taifa.

Kampuni inatuuzia picha ambazo kila nukta ni sentimita 30 ardhini. Tulipie hizo, au za mita 3 zinatosha?

Inategemea mnachotaka kukijua. Picha za mita 3, kama zile ambazo kampuni ya Planet ya Marekani huzipiga karibu kila siku, zitawaonyesha barabara mpya iliyokatwa msituni au meli iliyotia nanga, lakini hazitawaambia kama gari lililoegeshwa ni lori la mizigo au la kurushia makombora. Hapo ndipo sentimita 30 za setilaiti kama WorldView-3 au Pléiades Neo zinapostahili bei yake. Kwanza, hata hivyo, mchambuzi wenu azimalize picha za setilaiti za Sentinel-2 za Umoja wa Ulaya, ambazo ni za mita 10 na hazilipiwi hata senti moja.

Muuzaji anadai kwamba setilaiti zake hupita juu ya eneo letu mara 15 kwa siku. Tumwamini?

Huenda anasema kweli, lakini kupita si kupiga picha, na kupiga picha si kuikabidhi. Setilaiti yaweza kupita ikiwa imeelekezwa kwa mteja mwingine aliyelipia kipaumbele, au ikapita usiku, au wakati wingu limetanda. Isitoshe, setilaiti nyingi zinazotegemea mwanga wa jua hupita karibu na saa nne na nusu asubuhi kwa saa za mahali, na anayeficha silaha anaijua ratiba hiyo vizuri. Andikeni katika zabuni kipimo kimoja: tangu ombi litumwe hadi picha isiyo na wingu imfikie mchambuzi ni saa ngapi, na ahadi hiyo itimizwe katika maombi tisa kati ya kumi. Msikubali wastani, kwa sababu wastani huficha siku mbaya, na huduma hii hununuliwa kwa ajili ya siku hizo.

Je, rada yatosha kwa maeneo yenye mawingu kama mashariki ya Kongo?

Rada ya setilaiti hutuma mawimbi yake yenyewe badala ya kutegemea mwanga wa jua, hivyo hupenya mawingu na giza, lakini masafa ya mawimbi yanayotumiwa na kampuni za rada kama ICEYE na Capella hayapenyi majani mazito ya msitu. Tengeni pia fedha za mafunzo, kwani anayeisoma picha ya rada kama picha ya kawaida atapotoka.

Programu ya akili mnemba inayohesabu vyombo baharini tutaipimaje?

Muuzaji asichague mfano. Mpeni bandari yenu wenyewe, kwa tarehe ambazo mna daftari la vyombo vilivyoingia na kutoka, kisha hesabuni kando makosa ya aina mbili: vyombo alivyovikosa na vyombo alivyovizua. Katika mwambao wetu angalieni zaidi majahazi na mashua, kwa maana mbao hurudisha mawimbi ya rada kwa udhaifu kuliko chuma, na programu iliyofundishwa kwa meli za makontena inaweza kuvipita vyombo hivyo bila kuviona.

Serikali ya nchi ya muuzaji yaweza kutukatia huduma?

Yaweza. Mwezi Machi 2025 Marekani ilisimamisha kwa muda ruhusa ya Ukraine kutumia picha za kampuni ya Maxar zilizokuwa zikipatikana kupitia mpango uliolipiwa na serikali ya Marekani, tena vita vikiendelea. Mlipaji ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Lakini kulipa wenyewe hakumalizi tatizo, kwa kuwa kampuni hufuata leseni ya nchi yake: kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1996, picha zinazoonyesha ardhi ya Israel zilibanwa zisizidi undani wa mita 2, na kikomo hicho kililegezwa mwaka 2020 tu. Ukraine yenyewe, kupitia mfuko wa hisani, ilikuwa imenunua mwaka 2022 uwezo wa setilaiti moja ya ICEYE ya Finland, na naona huo ndio mfano wa kuigwa. Tafuteni wauzaji wawili wenye leseni za nchi mbili tofauti. Mkataba uwape haki ya kubaki na picha mlizokwisha kupokea hata muda wake ukiisha, umtake muuzaji ataje mapema sheria zinazoweza kumzuia, na mrudishiwe fedha kwa kila siku ambayo huduma imesimama kwa amri isiyotoka kwenu.